Kuvu nayo inaoana, na dawa yetu inabaki ile ile

Wandugu wachimbaji, vumbi ya karieri tunaijua. Lakini kuko vumbi ingine, ndogo sana, yenye uzima: mbegu ya kuvu inayoitwa kriptokokasi. Inakaa mu mavi ya njiwa na mu miti yenye kuoza, na mutu anaivuta kwa pumzi bila kujua. Mwili ukiwa na nguvu, mara nyingi inanyamaza. SIDA ikiisha kuuchosha mwili, inapanda mpaka mu ubongo. Kila mwaka inaua watu zaidi ya 100 000, wengi wao wa Afrika.

Aina yake moja, gattii, ilijulikana kupitia mtoto mgonjwa wa hapa kwetu Congo, mu miaka ya 1960. Munganga Gatti aliandika habari yake, na mu 1970 kuvu ikapewa jina lake.

Kuvu hii iko na jinsi mbili, a na alfa. Zikioana zinachanganya jeni, na kila mbegu inatoka na sura yake, sawa vile batoto ba tumbo moja hawafanane. Lakini kwa wagonjwa karibu zote ni alfa, kwa hiyo wengi walifikiri ndoa ni chache. Mu 2005, kundi la Joseph Heitman kule Marekani lilionyesha kama alfa inaweza kuoana na alfa mwenzake.

Hapo njo hatari iko. Mu kuchanganya jeni, mbegu moja inaweza kurizi ukali wa huyu na uwezo wa yule wa kuvumilia dawa. Flukonazoli peke yake, ambayo familia nyingi zinapewa, ni silaha dhaifu. Tangu 2022, OMS inashauri kuanza na dozi moja kubwa ya amfoterisini, pamoja na vidonge vya dawa mbili.

Sasa, tangu mwanzo wa 2025 Marekani imepunguza misaada, na mu Haut-Katanga na Lualaba pesa yake njo ilibeba sehemu kubwa ya matunzo ya SIDA. Tunasema wazi: serikali na makampuni yanayochota shaba yetu wasiache kipimo cha kuvu kipotee. Tone la damu linaionyesha mbele kichwa kianze kuuma.

Na wewe nyumbani: kichwa kikiuma siku nyingi, shingo ikikaza, macho yakiona mbili-mbili, usimalize pesa kwa parasetamoli. Enda hopitali, uombe kile kipimo.