Kodi ya Mauzo na Mtaji wa Mnyonge

Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 nchini Kenya ilipandisha kodi ya mauzo kutoka asilimia 1 hadi 3 kwa wafanyabiashara wenye mauzo ya baina ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Humo wamo ndugu zetu wengi wenye maduka ya mitaani.

Tuitazame hesabu. Mwenye duka akiuza vyakula vya milioni 2, faida yake ikawa asilimia 5, amebakiwa na 100,000. Kodi ni 60,000. Kampuni kubwa hutozwa asilimia 30 ya faida. Huyu ametoa asilimia 60, na lau angepata hasara angelipa vilevile. Ni kweli sheria yamruhusu kuomba atozwe kwa faida, lakini hilo lataka daftari kamili na, aghalabu, mhasibu. Atamlipa kwa nini?

Zaka ya biashara haikuwekwa hivyo. Ni asilimia 2.5 ya mali iliyofikia nisabu na kupitiwa na mwaka. Ambaye mali yake haikufika hadaiwi kitu. Naye Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, alieleza kuwa kodi zikizidi watu huvunjika moyo wa kuchuma, na hazina yenyewe ikapungukiwa.

Kwa 40,000 zilizosalia, mtaji hauongezeki wala kijana wa pili haajiriwi. Twaona Bunge lingeanza kwa kuzipunguzia kiwango biashara za faida nyembamba, kama za unga na sukari.