Wimbi Husafiri, Maji Hubaki

Watie watoto maji katika beseni, waeleze kizibo cha chupa juu yake, kisha mmoja wao aguse maji kwa kidole. Viwimbi vitatoka pale alipogusa na kukimbilia ukingoni. Kizibo hakitavifuata, kitainuka na kushuka papo hapo kilipo. Wapo watu waliozaliwa pwani wakazeeka bila ya kulitafakari jambo hilo: wimbi husafiri, lakini maji yenyewe hubaki. Ni mfano wa habari inayopita mdomo kwa mdomo katika foleni ya basi. Habari hufika mbele, na watu wamesimama walipo (basi nalo halijaja).

Baharini kila tone huzunguka mduara mdogo wimbi linapopita, kisha hurudi karibu na mahali pake. Miduara hiyo hupungua kadiri ya kina. Ukishuka kiasi cha nusu ya umbali kati ya kilele kimoja cha wimbi na kingine, imekwisha karibu yote. Ndiyo sababu mpiga mbizi hukuta utulivu chini ya bahari iliyochafuka.

Tsunami haina adabu hiyo. Umbali kati ya vilele vyake huweza kuzidi kilomita 100, na bahari kuu ina kina cha kilomita nne hivi. Basi maji yote, tangu juu hadi chini kabisa, hutikiswa pamoja. Hapo mwendo wa wimbi hutawaliwa na kina. Penye mita 4,000 huenda kasi ya kilomita 700 kwa saa, kama ndege ya abiria. Penye mita 10, kilomita 36 tu. Sehemu ya mbele ikikawia, ya nyuma huisonga, na maji hayana pa kwenda ila juu.

Jumapili ya tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko lilipasua sakafu ya bahari karibu na Sumatra, Indonesia. Saa mbili baadaye setilaiti ilipima wimbi hilo katikati ya bahari: kimo chake kilikuwa sentimita 60 hivi, jambo ambalo baharia hawezi kulitambua. Lilifika pwani yetu mchana, baada ya saa nane na zaidi. Muda huo ulitosha kabisa kuonya watu. Nchini Kenya watu waliondolewa ufukweni. Dar es Salaam, baadhi ya waliokuwa wakiogelea siku ile walichukuliwa na maji wakafa. Somalia walikufa watu wapatao 300.

Tetemeko la mbali namna hiyo halisikiki hapa. Dalili huwa ni bahari yenyewe. Bonde la wimbi likitangulia kilele, maji hukimbia ufuko na kuacha samaki wakirukaruka mchangani, na watoto, kwa kawaida yao, hukimbilia kuwaokota. Kupwa kwa kila siku huchukua saa sita hivi. Huku huchukua dakika chache. Mzazi aonapo hivyo awachukue wanawe wapande mahali pa juu, wala asirudi kufuata viatu na vikapu wimbi la kwanza likishapita. Mengine hufuata kwa saa kadhaa, na la kwanza mara nyingi silo kubwa kuliko yote.