Ninunulie kwa jina lako, mpenzi

Kila mtaa una yule bwana wa maneno matamu ambaye siku moja anakuomba jina lako. Nikopee. Nisajilie laini ya simu. Leo tumtazame mwenzake wa Marekani, maana la kwake ni zito: ninunulie bunduki.

Kule, ukienda kwenye duka la silaha lenye leseni unajaza fomu, unaulizwa kama mnunuzi wa kweli ni wewe, na rekodi yako inachunguzwa. Basi mwenye rekodi chafu anafanyaje? Anamtuma msafi: mchumba, binamu, rafiki wa kijiweni. Kwa miaka mingi sheria ya taifa lao haikuwa na kosa maalumu la mtu huyu wa kutumwa. Akikamatwa, anashitakiwa kwa kusema uongo kwenye fomu. Uongo, basi! Kama vile kadanganya umri ili aingie disko.

Mei 2022 kijana wa miaka 18 aliua watoto 19 na walimu wawili katika shule ya msingi mjini Uvalde, Texas. (Huyo alijinunulia mwenyewe, tena kihalali, lakini msiba ule ndio uliowaamsha wabunge.) Mwezi uliofuata Rais Biden akatia saini sheria mpya. Sasa kumnunulia silaha mtu unayejua kwamba haruhusiwi ni kosa linalojitegemea, kifungo hadi miaka 15. Ukijua inakwenda kutumika kwenye ugaidi au biashara ya dawa za kulevya, hadi miaka 25.

Najua wapo watakaoguna, eti binti wa watu afungwe miaka yote hiyo kwa sababu ya mapenzi. Mimi simwonei huruma. Aliyesaini anajua kwa nini mwenzake hakusaini mwenyewe.

Kinachonikera ni mlango wa nyuma. Sheria hiyo ya taifa haimlazimishi mtu binafsi anayeuza bunduki yake kumchunguza mnunuzi. Hakuna fomu, kwa hiyo hata uongo haupo. Mnakumbuka shule ya Columbine, Colorado? Desemba 1998 wavulana wawili wa miaka 17 walikwenda kwenye maonyesho ya bunduki na rafiki yao wa kike, miaka 18. Wao walitoa fedha, yeye akawanunulia bunduki tatu kwa wauzaji binafsi. Bastola waliipata kwingine, dola 500. Aprili 20, 1999 wakaua watu 13 kwa silaha hizo.

Aliyewauzia bastola alifungwa miaka 6 kwa hilo na kosa jingine la silaha. Binti hakushitakiwa, maana hakuwa amevunja sheria yoyote. Mwaka 2000 alisimama mbele ya kamati ya bunge la Colorado akaeleza jinsi ilivyokuwa rahisi, na Novemba ile wananchi wa jimbo wakapiga kura: kwenye maonyesho, kila mnunuzi achunguzwe kwanza.