Helmeti ya Trafiki

Pita asubuhi kwenye kijiwe chochote cha bodaboda uangalie helmeti zilipo. Hii imetundikwa kwenye kioo cha pembeni, ile imevishwa tangi la mafuta, nyingine imepandishwa utosini hata paji lote la uso liko wazi. Hata kwa wale waliovaa, tazama chini ya kidevu: mikanda inapepea. Trafiki akionekana, mikono yote huenda kichwani; akishapitwa, helmeti hurudi kiooni.

Chombo hiki hakikuletwa kwa ajili ya trafiki. Mwaka 1935 mwandishi na askari Mwingereza, T. E. Lawrence, alianguka na pikipiki akiwa kichwa wazi, akafa baada ya siku sita. Hugh Cairns, mmoja wa madaktari waliomhudumia, baadaye aliwachunguza wapanda pikipiki walioumia vichwa, na mwaka 1941 akaeleza jinsi kofia ngumu inavyookoa.

Inaokoaje? Si kwa ganda la nje peke yake, wala kwa sponji laini linalogusa nywele. Hilo ni la starehe tu. Kazi kubwa iko kwenye tabaka lililojificha katikati, povu gumu la jamii ile inayofungashiwa televisheni. Kichwa kikigonga lami, povu hupondeka na kumeza kishindo ambacho kingeufikia ubongo. Likishapondeka halirudi. Basi helmeti iliyokwisha kupata ajali imemaliza kazi yake, hata iking'aa, na anayenunua ya mtumba hajui anunuacho. Ile ya mafundi ujenzi, ambayo baadhi yetu hupandia pikipiki bila haya, ilitengenezwa kwa tofali linalodondoka kutoka juu.

Lakini hata iliyo bora, mkanda ukiwa wazi, huruka kabla kichwa hakijafika chini.

Watu husema ajali haina kinga. Sawa, lakini kichwa kinayo: tafiti zilizopimwa kwa pamoja zimeonyesha kuwa helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Abiria nao wanalalamikia jasho la wenzao, mapunye na misuko kuharibika. Siwalaumu, helmeti moja hupita vichwa vingi tangu alfajiri. Basi beba kitambaa chembamba ujifunge kwanza. Anayepanda kila siku na anunue yake. Ataitumia miaka, na nywele atasuka tena.

Dereva na abiria, kabla pikipiki haijaondoka, shusheni helmeti mpaka karibu na nyusi, mfunge mkanda hadi vipite vidole viwili tu chini ya kidevu, kisha muivute kwa nyuma. Ikivuka kichwa, kazeni upya. Na kama mkanda umekatika, abiria, shuka utafute pikipiki nyingine.