Mcheza Kwao Hakutuzwa

Neno "zilipendwa" limekaa redioni kwa miaka mingi hata likawa kama jina la kabila la nyimbo. Kisarufi halina ila: kiambishi cha ngeli, kiambishi cha wakati uliopita, shina la kitenzi, kauli ya kutendwa. Kimaana, hata hivyo, ni hukumu. Mtangazaji alitamkapo huwa amekwisha kuamua kwamba mapenzi yale yamezikwa, na kwamba kinachofuata ni ziara ya makaburini. Msikilizaji aliyenyanyuka kuongeza sauti ya redio hakuulizwa. Yeye hakupenda zamani. Anapenda sasa hivi, na angalitaka wimbo urudiwe.

Yaliyoingizwa katika kapu hilo walau yana kapu. Zipo kazi ambazo hata humo hazikupewa nafasi. Mojawapo ni santuri ndefu iitwayo Ave Africa ya bendi ya Sunburst, iliyorekodiwa mwaka 1976. Bendi hiyo ilizaliwa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikikusanya wanamuziki wa asili ya nchi zaidi ya moja, akiwamo mpiga gitaa Hembi Flory Kongo na mwimbaji James Mpungo. Mtindo wao waliuita Kitoto. Ulikuwa muziki wa gitaa la umeme lenye makali, kinanda, ngoma za nyumbani na sauti zilizopandishwa kwa nguvu, ukiimbwa na vijana waliosikia soul na roki za Marekani na Uingereza bila ya kusahau walikokulia. Santuri yenyewe haikurekodiwa Tanzania, ilirekodiwa Zambia. Haikuenea nyumbani, bendi haikudumu baada yake, na kwa takriban miaka 40 ilibaki mikononi mwa wachache walioitunza kama mtu atunzavyo barua. Ndipo kampuni ya Strut ya Uingereza ikaitoa upya pamoja na rekodi nyingine za bendi hiyo za tangu mwaka 1973.

Baada ya kutolewa upya, yamesikika maneno matatu ya kuipuuza, na yote matatu husemwa na watu wenye elimu. La kwanza: ingalikuwa njema ingalijulikana, kwani chema chajiuza, kibaya chajitembeza. La pili: huo si muziki wa Kitanzania bali ni mwigo wa Wazungu na Waamerika Weusi. La tatu: mapenzi ya wasikilizaji wake ni kumbukumbu za ujana tu, hayana uzito wa uhakiki. Maneno haya yafaa kupimwa moja baada ya moja, kwa sababu yanayosemwa juu ya santuri moja ndiyo yanayosemwa juu ya diwani ngapi zilizochapishwa mara moja na kusahauliwa.

Chema chajiuza wapi? Methali hiyo ilitungwa na watu waliokuwa na soko. Tanzania ya miaka ya 1970 haikuwa na kiwanda cha kutengenezea sahani za santuri. Bendi iliyotaka sahani iliitazama Nairobi. Studio ya kutegemewa ilikuwa ya Redio Tanzania Dar es Salaam, ambako bendi iliingia, ikapiga nyimbo zake, ikatoka, na utepe ukabaki kwa mwenye studio. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Hata njia ya Nairobi ikawa nyembamba. Waliokwenda Lusaka hawakukimbia nchi yao, walifuata mashine. Nako Lusaka walikuta neema inayokata roho, kwa kuwa bei ya shaba iliporomoka mwaka 1975 na uchumi wa Zambia ukaanza kuyumba. Bendi za Zambia zenyewe zilizopiga roki miaka hiyo, kama WITCH na Amanaz, nazo zilisahauliwa kwao kwa miongo kadhaa kabla ya kurudi masikioni mwa watu kwa njia hiyo hiyo ya kutolewa upya ng'ambo.

Achukuliwe msikilizaji wa Mahurunga, kusini kabisa mwa Mtwara, pale Mto Ruvuma unapojitawanya kabla ya kuifikia bahari. Huyu ni mkulima wa mpunga katika bonde linalofurika, au mvuvi anayepita kati ya mikoko akiwachelea mamba na viboko. Mwaka 1976 hakuwa na umeme wala duka la sahani. Alikuwa na redio ya betri, ikiwa alikuwa nayo, na betri zenyewe zilianikwa juani ili zifufuke kwa ajili ya taarifa ya habari ya jioni. Kilichopigwa Dar es Salaam alikisikia. Kilichorekodiwa Lusaka na kisifike Dar es Salaam kilikuwa kwake kama hakikuwahi kuimbwa. Kumwambia mtu huyu kwamba hakuipenda Ave Africa kwa kuwa haikuwa njema ni sawa na kumlaumu kipofu kwa kutosifu mwezi. Chema hakikujiuza kwa sababu hakikufikishwa sokoni, na waliokuwa na wajibu wa kukifikisha si wakulima wa Mahurunga.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na ina historia. Mwezi wa Novemba mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam, ikidaiwa kuwa unaharibu vijana na kuutia doa utamaduni wa taifa. Nia yaweza kueleweka. Nchi changa iliyotawaliwa na wageni ilitafuta sura yake kwenye kioo, na haikutaka kuiona sura ya mtu mwingine. Lakini mizani iliyotumika ilikuwa mbovu wakati ule na ni mbovu leo, kwa kuwa ingetumiwa sawasawa, pwani isingebakiwa na kitu.

Taarabu ilitoka wapi? Husimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kupiga kanuni. Ikhwani Safaa iliundwa mwaka 1905 na watu waliopenda mtindo huo wa Misri. Kanuni, udi na fidla hakuna hata kimoja kilichoota Unguja kama mkarafuu, na mkarafuu wenyewe ni mgeni vilevile. Siti binti Saad, ambaye kila mpenzi wa ushairi wa Kiswahili humtaja kwa heshima, mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi sahani zake, kwa kampuni ya Kiingereza na katika mji wa Kihindi. Hakuna aliyesema kwamba kwa sababu hiyo sauti yake ni ya Bombay. Shaaban Robert akamwandikia wasifu, na wasifu huo umesomwa na vizazi. Iwapo Bombay haikumnyang'anya Siti Uswahili wake, Lusaka iliwanyang'anyaje Sunburst wa kwao? Iwapo udi uliingia ukakaribishwa ukapewa kiti, gitaa la umeme limekosa adabu gani? Bahari ya utenzi yenyewe imejaa maneno ya Kiarabu, wala hakuna mhakiki aliyeyatoa nje kwa kukosa cheti cha kuzaliwa.

Tena mpaka wa "chetu" na "chao" ni jambo ambalo watu wa mdomo wa Ruvuma wanalijua kuliko walimu wengi. Ng'ambo ya mto, upande wa kusini, ipo pembe ndogo ya ardhi ya Kionga. Wajerumani waliitwaa mwaka 1894 na Wareno wakairudisha mwaka 1916 wakati wa vita. Mwaka 1919, katika meza ya Versailles, ikathibitishwa kuwa yao. Katika muda wa robo karne bendera zilishushwa na kupandishwa, na walioamua hawakuwahi kukanyaga tope la mto ule. Wamakonde wa kingo zote mbili waliendelea kuoana, kuzikana na kuchezeana ngoma. Ngoma iliyopigwa upande mmoja usiku wa upepo husikika upande wa pili bila ya kuulizwa pasi. Baada ya mwaka 1964 vita vya ukombozi wa Msumbiji vilivusha maelfu ya wakimbizi kuja kaskazini, nao walikuja na nyimbo zao, nazo zikaimbwa na wenyeji. Mtu wa Mahurunga akiambiwa kwamba wimbo si wake kwa kuwa umerekodiwa ng'ambo ya mpaka, atauliza kwa utulivu: mpaka upi, wa mwaka gani?

Kuiga bila ya kuongeza kitu ni aibu, hilo halina ubishi. Swali la haki ni iwapo mwenye kuchukua ameongeza. Asikilizaye Ave Africa kwa makini husikia gitaa lililojifunza kwa wengine lakini linalojibizana na ngoma isiyotoka kwao, na sauti zinazoitikiana kama waitikiaji wa pwani na wa bara. Kama ni mwigo, basi ni mwigo wa aina ile ile iliyoizaa taarabu. Mwenye kuukataa aanze nyumbani kwake, auvunje udi.

Hoja ya tatu, ya kumbukumbu za ujana, huporomoka mtu akihesabu miaka. Miongoni mwa wanaoipenda santuri hii leo wamo waliozaliwa miaka ya 1990 na baada yake. Hao hawakucheza dansi mwaka 1976. Hawana ujana wa kuukumbuka humo, kwa kuwa ujana wao uko mahali pengine kabisa. Kinachowavuta ni kazi yenyewe. Na wale wazee wachache walioiweka, wakaiazimisha kwa masharti, wakainakili kwenye kaseti, na kaseti ikanakiliwa tena hata mvumo ukazidi sauti, hao walifanya kazi ambayo taasisi yenye bajeti ilipaswa kuifanya. Mapenzi yao yalikuwa uhakiki, kwa sababu walichagua. Katika sahani nyingi walizoweza kuzitunza walitunza hii, na muda ukawathibitishia.

Hapa pana jambo la kukera zaidi ya maneno yote matatu. Mcheza kwao hutuzwa, wasema Waswahili, lakini katika muziki wa dansi wa Tanzania tuzo imezoea kutoka kwa majirani wa mbali. Mfululizo wa Zanzibara, uliokusanya taarabu na dansi la Tanzania kwa vipande, ni wa kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa. Ave Africa imerudishwa na Waingereza. Shukrani wanastahili, na si haki kuwatukana kwa kufanya lile ambalo wenyewe hawakulifanya. Aibu iwaendee waliokuwa na funguo. Tepu za Redio Tanzania, ambazo sasa ziko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania, ni maktaba ya ushairi ulioimbwa ambayo haina mfano katika Afrika Mashariki. Kila utepe humo una mtunzi, mwimbaji na wapigaji. Wengi wao wamekufa bila ya kuona senti nyingine baada ya ile ya siku ya kurekodi, na wengine wako hai na wanasikia sauti zao zikitambulishwa bila ya majina.

Sheria haikukosekana. Tanzania Bara ilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999, na Zanzibar ikatunga yake mwaka 2003. Sheria hizo, hata hivyo, humlinda mtu ambaye jina lake limeandikwa. Utepe usio na orodha ya majina hauwezi kudai chochote mahakamani, na mrithi asiyejua kwamba babu yake alipiga besi hana hoja. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya karani, wala si ya mwanasheria: kuandika nani aliimba nini, lini, na nani alikuwa nyuma yake. Kazi hiyo haihitaji mfadhili kutoka Stockholm wala Paris. Yahitaji daftari, mtu mwenye subira, na wazee ambao bado wanakumbuka. Kila mwaka upitao wazee hao hupungua.

Kazi ya pili ni ya wapenzi wa ushairi wenyewe, na lawama hii haiwezi kupelekwa serikalini. Kwa muda mrefu mhakiki wa Kiswahili ameona fahari kuhesabu mizani za shairi la karne ya 19, na ameona haya kuhesabu mizani za wimbo uliopigwa kwenye ukumbi wa dansi. Salum Abdallah aliyefariki mwaka 1965 na Mbaraka Mwinshehe aliyefariki mwaka 1979 walitunga maneno ambayo watu wa mijini na mashambani wanayajua kwa moyo kuliko diwani yoyote iliyomo maktabani. Hata hao, pamoja na umaarufu wao, hawajapata robo ya kurasa walizopewa washairi wasioimbwa na mtu. Sunburst, waliokosa umaarufu, hawajapata hata mstari. Kisha husemwa kwamba vijana hawapendi ushairi.

Msikilizaji hakusubiri ruhusa ya mhakiki. Aliipenda ile santuri ilipokuwa haiuzwi, akaipenda iliponakiliwa vibaya, na anaipenda sasa inaposikika safi kwenye simu ya mkononi, hata kule Mahurunga ambako mawimbi ya simu huja na kupotea, na mara nyingine simu hujikuta imenasa mtandao wa Msumbiji. Watangazaji wakitaka kuwa wakweli wana marekebisho madogo ya kufanya kabla ya kipindi kijacho. Waiondoe -li- na waweke -na-. Kisha wamtaje aliyeimba, na aliyepiga gitaa, kwa majina yao kamili.