Maktaba ya Urithi wa China Yafaa Elgon View

Maktaba ya umma ya urithi wa China, ikiendeshwa na wakazi wanaojitolea, inawezekana Eldoret, na mtaa wa Elgon View una uwezo wa kutangulia. Tangu 2015 Chuo Kikuu cha Moi kina Taasisi ya Confucius, iliyoanzishwa pamoja na Chuo Kikuu cha Donghua cha Shanghai, inayofundisha Kichina na kutilia mkazo ufundi wa nguo. Hata hivyo taasisi ya chuo haina budi kuwahudumia wanafunzi wake kwanza. Fundi cherehani wa mjini na mtoto wa darasa la nne wanahitaji mlango wao.

Asidhani mtu kwamba urithi huu ni wa wageni peke yao. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimfikishia mfalme wa China twiga, na miaka michache baadaye merikebu za amiri wa China, Zheng He, zikafika pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 2013 sarafu ya enzi ya Yongle ilifukuliwa kisiwani Manda. Kwenye magofu ya Gedi nako, uchimbaji ulioanza 1948 ulitoa vyombo vingi vya kauri vya Kichina. Mtoto wa Uasin Gishu aliyefundishwa kwamba Wachina walikuja na reli na barabara amenyimwa miaka mia sita ya historia yake mwenyewe.

Kiswahili nacho kina haki katika rafu hizo. Redio ya Peking ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1961, Kenya ikiwa bado chini ya mkoloni, na wachapishaji wa Beijing wakatoa vitabu vya Kiswahili, vikiwemo vya hadithi za picha kwa watoto. Vitabu hivyo sasa ni adimu. Yapasa vitafutwe majumbani kabla mchwa hawajavimaliza.

Wanaojitolea wasikubali kila kasha la msaada lijaze rafu. Kitabu cha kusifu reli kiwekwe karibu na kile kinachohoji madeni yake, na hadithi za mwandishi Lu Xun zipate nafasi pamoja na za Mo Yan, mshindi wa Nobel wa 2012. Zamu nazo ziheshimiwe: msomaji akikuta mlango umefungwa saa iliyotangazwa, hatarudi. Chumba kimoja cha kuazima, daftari la wakopaji na alasiri mbili kwa juma vyatosha kuanzia.