"Ilimradi Inawaka" Ndiyo Kauli Inayoua Betri Zetu



Leo sina maneno laini. Fundi anaunga punje tatu za LED na rezista moja, anazipachika kwenye betri ya gari, banda la kuku linang'aa, analipwa, anaondoka. Baada ya miezi michache taa zimefifia, betri haishiki chaji, na mfugaji anaambiwa, "Vitu vya siku hizi ni feki." Mara nyingi vitu havina kosa. Kosa ni jinsi vilivyochaguliwa na kuungwa.

Draiva si mapambo

Punje nyeupe ya LED inahitaji takriban volti 3.2. Tatu zikifuatana ni 9.6. Kwa betri ya volti 12, rezista ya omu 120 inapitisha miliampia 20, kiasi kinachofaa punje ndogo. Lakini paneli ikiwa inachaji, betri hufika volti 14.4. Piga hesabu: 14.4 toa 9.6 ni 4.8, gawanya kwa 120, unapata miliampia 40. Mara mbili! Punje inaungua taratibu, na wewe unafurahia mwanga mkali.

Draiva inashikilia mkondo uleule betri ikipanda au ikishuka. Kwa punje ya wati 1, tafuta draiva ya miliampia 300 hadi 350, na uifunge punje juu ya kipande cha alumini ili ipoe.

Betri ya gari ni ya gari

Nasikia wakisema mkulima hana pesa ya draiva. Mbona mkulima huyohuyo anauziwa betri kuukuu ya N70? Betri ya gari imetengenezwa kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache ili injini iwake, kisha ichajiwe palepale. Ukiinyonya kila usiku mpaka taa zizime, unaiua.

Taa ya wati 5 ikiwaka saa 5 inatumia wati-saa 25. Betri ndogo ya volti 12, ampia-saa 7, ina wati-saa 84. Betri za risasi zinadumu zaidi usipovuka nusu, kwa hiyo unabaki na 42. Inakutosha, na hukulazimika kubeba mzigo wa chuma.

Na wale wanaochomoa betri za lithiamu kwenye kompyuta mpakato za zamani na kuziunga moja kwa moja kwenye paneli, bila saketi ya kinga wala chaji kontrola inayozifaa, acheni. Betri hizo zikizidishiwa chaji zinaweza kulipuka moto.

Waya na fyuzi

Kutoka betri hadi banda mita 10, umeme unasafiri mita 20, kwenda na kurudi. Ukipitisha ampia 2 kwenye waya mwembamba wa shaba wa milimita za mraba 0.5, unapoteza karibu volti 1.4 njiani. Waya wa 1.5 unapoteza chini ya nusu volti. Halafu tunalaumu jua!

Baya zaidi ni kukosa fyuzi. Volti 12 haikupigi shoti, ndiyo maana watu wanaidharau. Lakini panya akitafuna waya na nyaya zikagusana, betri ya gari inamwaga mamia ya ampia. Waya unakuwa mwekundu kama kaa, na chini yake kuna maranda makavu na vifaranga 200. Fyuzi ya ampia 3 au 5, karibu kabisa na kichwa cha chanya cha betri, inakata kabla ya hapo.

Wenye maduka, hili ni lenu pia. Mteja hajui kuuliza fyuzi, wewe unajua. Ukimuuzia betri na waya bila kuitaja, umemuuzia nusu ya kazi.

Kabla hujamlipa fundi, muulize mambo matatu: draiva iko wapi, fyuzi iko wapi, waya ni wa unene gani? Akikujibu "ilimradi inawaka", mwambie arudi kesho na vifaa.

Karibuni kwa maswali.